Ulinzi wa Mlango wa Kilindini Wakati wa Vita
Maneno ya mazungumzo kwa watu wa Waa, Kwale



Mtu akisimama juu ya majabali ya Waa wakati wa asubuhi, bahari ikiwa shwari, huona kwanza maji meupe yaliyo ndani ya mwamba, kisha mstari wa povu pale mawimbi yapasukapo, na nje ya povu huona kilindi cha rangi ya buluu. Huko nje ndiko zipitako meli kubwa. Zile zitokazo Afrika ya Kusini, Dar es Salaam na Zanzibar hupita mbele ya pwani hii kabla ya kugeuza omo kuingia mlango wa Kilindini. Kwa hiyo mvuvi wa Diani, wa Tiwi au wa Waa huiona meli kabla ya mtu wa Mombasa kuiona. Jambo hilo ni la kila siku, na kwa sababu ni la kila siku hapana alitiaye maanani. Lakini palikuwa na miaka, tangu 1939 hata 1945, ambapo kujua ni nani aliyeiona meli kwanza, alimwambia nani, na huyo aliyeambiwa alikuwa na amri gani, kulikuwa ni jambo la uhai na mauti.

Watu wakisimulia habari za vita vya baharini hupenda kutaja manowari kubwa na ukubwa wa mizinga yake. Hapana ubaya, maana manowari ni kitu cha kutazamwa. Walakini manowari huja leo ikaenda kesho. Kilichoulinda mlango wa Kilindini siku zote mbili, ile ya kuja na ile ya kwenda, ni utaratibu: kazi nyingi ndogo zilizofungwa pamoja kama kamba za jarife, ili samaki akigusa upande mmoja, mvuvi aliye upande wa pili apate habari. Jarife hilo halikufumwa kwa siku moja, na mara ya kwanza lilipotakiwa lilikuwa na matundu mengi.

MABWANA WENGI, BAHARI MOJA

Kabla ya vita, bahari yote ya upande huu ilihesabiwa kuwa chini ya Admirali wa Kiingereza wa Kituo cha East Indies, ambaye mambo yake yaliendeshwa kutoka Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Kutoka Ceylon hata Mombasa ni zaidi ya maili 2,000 za bahari. Bwana aliye mbali hivyo hawezi kuona kinachotokea kwenye mwamba wa Likoni.

Basi kila nchi ikajifanyia yake. Kenya ilianzisha kikosi cha wanamaji wa kujitolea katika mwaka wa 1933, jina lake Kenya Royal Naval Volunteer Reserve. Zanzibar ikafuata mwaka wa 1938, na Tanganyika mwaka wa 1939 wakati mawingu ya vita yalikuwa yamekwisha tanda. Vilikuwa vikosi vitatu vidogo vya serikali tatu, na kila kimoja kilitegemea mfuko wake. Maofisa wao walikuwa Wazungu, wengi wao watu wenye kazi nyingine mjini ambao walijifunza mambo ya bahari kwa zamu. Mabaharia wao walikuwa Waafrika, na vyombo vyao vilikuwa vidogo, vingine vikiwa vimegeuzwa kutoka kazi nyingine na kufungwa mzinga.

Hayo ni ya majini tu. Nchi kavu palikuwa na mabwana wengine. Magati ya Kilindini yalikuwa mali ya Shirika la Reli na Bandari la Kenya na Uganda. Mizinga ya pwani iliyowekwa Ras Serani, pale karibu na mnara wa taa, ilikuwa ya jeshi la nchi kavu. Ndege zilikuwa na wakubwa wao. Na ukitaka kuzidisha, hata ardhi yenyewe ya Waa, kama ukanda wote wa pwani wa maili kumi, ilihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar iliyo chini ya ulinzi wa Waingereza, na hali hiyo ikadumu hadi 1963. Mahali penye mabwana wengi namna hiyo, kila mmoja hudhani kuwa mwenziwe ndiye aliye macho.

Tena hatari ya namna hii haikuwa ngeni upande huu wa kusini. Wazee waliozaliwa karne iliyopita walisimuliwa na baba zao habari za mwaka wa 1914. Mwezi wa Septemba mwaka huo manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliingia Zanzibar alfajiri ikaizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga kutengeneza mashine zake. Siku zizo hizo askari wa Kijerumani walikuwa wakija kwa miguu kutoka Vanga kuelekea Mombasa. Walizuiwa Gazi mwezi wa Oktoba. Miongoni mwa waliosimama mbele yao kusini huko palikuwa na kikosi cha Waarabu wa pwani kilichoundwa na Arthur Wavell, ambaye baadaye, Januari 1916, aliuawa upande wa Mwele. Königsberg yenyewe haikufika Mombasa. Ilijificha katika midomo ya mto Rufiji hata ikaangamizwa huko Julai 1915. Ingalifika siku ile ile askari walipokuwa Gazi, mji ungalishikwa kwa mikono miwili, mmoja wa bara na mmoja wa bahari.

VITA VYAJA, KWANZA KASKAZINI

Italia ilipoingia vitani mwezi wa Juni 1940, hatari ilitazamiwa itoke kaskazini, maana Waitaliani walikuwa na Mogadishu na Kismayu, na Massawa katika Bahari ya Shamu palikuwa na manowari zao, pamoja na zile zipitazo chini ya maji. Macho yote ya pwani yakaelekezwa Lamu na kupita. Februari 1941 Kismayu ulitwaliwa; majeshi ya nchi kavu yakija kutoka bara, na manowari za Kiingereza, ikiwamo Hermes yenye kubeba ndege, zikifunga njia ya bahari. Massawa ukaanguka Aprili mwaka uo huo.

Baada ya hapo watu wakapumua. Hilo lilikuwa kosa, ingawa ni kosa la kibinadamu. Mtu aliyefukuza fisi kwa mlango wa mbele hulala usingizi mzito, asikumbuke mlango wa uani.

Mlango wa uani ulikuwa mashariki. Japani iliingia vitani Desemba 1941, na Februari 1942 ngome ya Singapore ikaanguka. Tarehe 5 Aprili 1942, siku ya Pasaka, ndege za Kijapani zilizoletwa na meli kubwa za kubebea ndege ziliupiga mji wa Colombo. Siku hiyo manowari mbili za Kiingereza, Dorsetshire na Cornwall, zikazamishwa. Tarehe 9 Trincomalee ukapigwa, na Hermes, ile ile ya Kismayu, ikazama. Admirali Sir James Somerville, aliyekuwa amiri wa manowari zote za mashariki, aliona kuwa Ceylon haikai tena. Akazitoa manowari zake kubwa za zamani, Resolution, Ramillies, Royal Sovereign na Revenge, akazipeleka Kilindini. Mwezi wa Mei na yeye mwenyewe akaja.

Hivyo kwa ghafula Kilindini, bandari ya kupakia kahawa, pamba na magadi, ikawa makao ya manowari zote za Kiingereza za Bahari ya Hindi. Sababu yake ni rahisi kuieleza. Bahari ya Kati ilikuwa karibu imefungwa na adui, na kwa hiyo silaha na askari waliotumwa Misri kutoka Uingereza walizunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakapanda kwa mlangobahari wa Msumbiji na kupita mbele ya pwani hii. Mafuta ya Uajemi nayo yalipita katika bahari hii. Kama Wajapani wangalikata njia hiyo, majeshi ya Misri yangalibaki bila risasi, na manowari bila mafuta.

Jina Kilindini maana yake inajulikana: mahali penye kilindi. Maji marefu aliyatoa Mungu. Yaliyobaki yalitakiwa kufanywa na watu, nayo hayakuwa tayari. Bandari ya biashara haikujengwa kwa kuficha manowari. Nyavu za chuma za kuzuia manowari zipitazo chini ya maji hazikuwa zimetimia, karakana za kutengeneza meli kubwa hazikuwapo, na Wajapani hawakukawia kuja kuchungulia. Mwezi uo huo wa Mei manowari yao moja ya chini ya maji ilirusha ndege ndogo juu ya Zanzibar na Dar es Salaam kutazama kama manowari za Kiingereza zimo humo. Waliokuwa wakitafutwa walikuwa Kilindini.

JARIFE LAFUMWA

Hapo ndipo utaratibu ulipolazimika kuundwa kwa haraka. Ofisa wa cheo cha Admirali aliwekwa Kilindini kusimamia mambo ya bahari ya pwani yote ya Afrika ya Mashariki, mbali na Somerville aliyeshughulika na manowari za kupigana. Mgawanyo huo wafaa kueleweka vizuri. Mmoja alikuwa na kazi ya kwenda kumtafuta adui. Mwingine alikuwa na kazi ya kukaa: kulinda milango ya bandari, kupanga misafara ya meli, kusafisha njia, kuweka walinzi na kupokea habari. Chini yake ndiko kulikokuwa na wanamaji wa kujitolea wa pwani. Jeshi la nchi kavu lilikuwa limekwisha kupata amri yake moja ya Afrika ya Mashariki tangu Septemba 1941, na mkuu wake alikuwa Jenerali Sir William Platt. Basi wakubwa wakawa wachache, na walipotaka kusemezana walijuana.

Kuueleza utaratibu huo kwa vyeo huchosha. Afadhali ifuatwe meli moja. Ichukuliwe mathalani meli ya shehena itokayo Durban katika mwezi wa Julai 1942, ikija Kilindini.

Kabla ya kung'oa nanga Durban, nahodha wake amepewa na ofisi ya wanamaji karatasi ya njia aipitie, wala si njia aipendayo yeye. Usiku haruhusiwi taa. Simu ya upepo aweza kuisikiliza, lakini kuitumia kusema ni mwiko, maana adui naye ana masikio. Katika mlangobahari wa Msumbiji ana haki ya kuogopa: mwezi wa Juni na wa Julai mwaka ule manowari za Kijapani zipitazo chini ya maji zilizamisha huko meli za shehena zaidi ya 20.

Akikaribia pwani ya Kenya, aliye wa kwanza kumwona ni rubani wa ndege. Ndege za namna ya Catalina, zenye tumbo kama mashua na zenye kutua majini, ziliwekwa Kipevu, nazo zaweza kukaa angani saa nyingi zikizunguka juu ya bahari. Lakini angani nako kuna mawingu, na Julai ni wakati wa kusi.

Hapa watu wa Waa wanajua kuliko vitabu. Wakati wa kusi bahari ya nje huchafuka, ngalawa hazitoki nje ya mwamba, na macho ya wavuvi, ambayo wakati wa kaskazi yangekuwa yametapakaa hata maili nyingi, hurudi ndani. Wajapani walikuja kuwinda katika miezi iyo hiyo. Na hata wakati wa kaskazi ngalawa na jahazi zenyewe zilikuwa fumbo kwa mlinzi: usiku wa giza, jahazi lisilo na taa na manowari iliyoibuka nusu juu ya maji hufanana sana, na kosa la upande wowote ni msiba.

Meli sasa yaonekana kutoka pwani. Kwenye mlango wa bandari kuna kituo cha ishara. Mtu wa kituo humulika taa yake kwa vipande, mrefu na mfupi, akiuliza: Wewe nani? Meli hujibu jina lake pamoja na ishara ya siri ya siku ile. Jina peke yake halitoshi, kwa kuwa jina laweza kuandikwa na adui kwa rangi ubavuni mwa meli. Ishara ya siku hutoka katika kitabu chenye kufungiwa vizuri, kilichoshonewa risasi, ili hatari ikija kitupwe baharini kizame.

Ikijibu sawasawa, meli haiingii bado. Nje ya mlango kuna chombo kidogo cha ukaguzi kingojacho kwa zamu, mchana na usiku, kusi na kaskazi. Kazi hiyo ni ya kuchosha kuliko zote, kusukwasukwa pale pale siku kumi na usione chochote, na ndiyo kazi iliyowafaa mabaharia wa pwani wasiougua bahari. Ofisa wa ukaguzi huituliza meli mahali maalum, huipandia na kutazama karatasi. Mahali pale pa kungojea hapakuchaguliwa ovyo: mizinga ya Ras Serani imekwisha kupimwa kufika hapo. Walakini mzinga huo, ulio wa jeshi la nchi kavu, haufyatuki mpaka wanamaji wa kituo cha ishara waseme kuwa meli ile si rafiki. Katika bandari zenye mabwana wengi, hapo ndipo meli rafiki zilipopigwa na mizinga ya rafiki, na adui akapita akitabasamu. Kwa hiyo simu kati ya kituo cha ishara na mizinga ilikuwa na thamani kuliko mzinga mmoja zaidi.

Alfajiri ya siku ile, kabla meli haijaja, vyombo vya kufagia vimekwisha kupita njia nzima kutoka nje hata ndani, viwili viwili, vikikokota kamba ya chuma ya kukata minyororo ya mabomu yaliyotegwa. Siku nyingi hawapati kitu. Kutopata kitu ndiko habari njema yao, wala hapana apewaye nishani kwa sababu hiyo.

Mwisho ni wavu. Wavu wa chuma umening'inizwa kwa maboya kukata njia ya maji, nao una mlango ufunguliwao na chombo maalum kwa winchi. Meli ikipita, mlango hufungwa upesi nyuma yake, maana adui aliye chini ya maji hupenda kupita nyuma ya mgeni kama mbwa amfuataye bwana wake harusini. Ndipo rubani wa bandari huifikisha gatini, na makuli huanza kushusha shehena.

Hesabu ya walioihudumia meli moja hiyo yaonyesha mwendesha ndege, mtu wa ishara, ofisa wa ukaguzi, mabaharia wafagiaji, askari wa mizinga, watu wa wavu, rubani na makuli. Mmoja wao akilala, kazi ya wote hubatilika. Waliotajwa magazetini baada ya vita walikuwa wachache sana kati yao, na wenye majina ya Kiafrika wakawa wachache zaidi. Hiyo si haki, hata kama ndiyo desturi ya magazeti ya vita vyote.

Na nje ya mlango wa Kilindini, kuelekea kusini, mlinzi wa kwanza alikuwa mwamba wenyewe. Kutoka Likoni hata Diani chombo kikubwa hakiwezi kukaribia pwani, na mashua za adui zingelazimika kutafuta matundu: mlango wa mto Mwachema kati ya Tiwi na Diani, ghuba ya Gazi, maji ya Msambweni na Funzi, na Shimoni mbele ya Wasini. Wenye kuyajua matundu hayo usiku, maji yakiwa yamepwa au yamejaa, walikuwa wavuvi wa Kidigo na wa Kivumba. Ramani ya Admirali ilionyesha miamba, lakini haikuonyesha ni lini ngalawa yaweza kupita juu yake.

MELI ZISIZOJUA MAJI

Jambo moja la kuchekesha lafaa kutajwa. Wanamaji wa Kiingereza wana desturi ya kuita kila kituo chao kwa jina la meli, hata kikiwa juu ya nchi kavu, na mtu akitoka langoni husemwa amekwenda pwani. Kwa hiyo makao ya wanamaji Kilindini yaliitwa Tana. Vituo vya ndege zao vilipewa majina ya Kiswahili: Kipanga, Tanga palikuwa na Kilele, na Nairobi palikuwa na Korongo. Hivyo Nairobi, mji ulio mamia ya maili kutoka baharini, ulikuwa na meli ya vita ambayo haikuwahi kulowa ila kwa mvua.

Kituo kingine hakikuwa na jina la kuonekana mlangoni. Shule ya Allidina Visram, Mombasa, ilitwaliwa katika mwaka wa 1942 kwa ajili ya wataalamu wa kusikiliza na kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani, waliohamishwa kutoka Colombo. Kazi yao ilikuwa ngumu kwa kuwa sauti za Wajapani zilifika Mombasa kwa udhaifu sana. Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha, walifumbua maandishi ya siri yaliyotumiwa na meli za shehena za Kijapani. Watoto wengi wamesoma katika shule hiyo tangu hapo bila kujua kuwa madarasa yao yalikuwa masikio ya bahari nzima.

Ulinzi huo ulipokuwa ukikazwa, Waingereza walikuwa wameushambulia mji wa Diego Suarez, kaskazini ya Madagaska, tarehe 5 Mei 1942, ili Wajapani wasiupate kwa mikono ya serikali ya Kifaransa ya Vichy. Mwisho wa mwezi huo manowari mbili ndogo za Kijapani, zenye watu wawili wawili, zilitumwa humo usiku, Ramillies ikajeruhiwa na meli ya mafuta ikazamishwa. Ramillies hiyo ilikuwa imetumwa Kilindini mwezi wa Aprili. Kilichoipata Diego Suarez kingeweza kuipata hapa, na waliokuwa wakifunga nyavu za Kilindini hawakuhitaji tena kuambiwa waharakishe. Septemba mwaka huo msafara wa meli ulitoka Mombasa kwenda Majunga kuimaliza kazi ya Madagaska, na ndani yake askari wa King's African Rifles. Mapatano ya kuacha vita yalifanywa Novemba 1942.

PALIPOISHIA MKONO WA WALINZI

Hatari ya Japani ilipungua, na kuanzia Septemba 1943 makao ya Somerville yakarudi Ceylon. Wafumbuzi nao wakarudi Colombo. Kilindini ikabaki bandari ya kupeleka askari Burma.

Mwanzoni mwa Februari 1944 meli tano za askari zilitoka kwa mlango huu, zikapita wavu na kituo cha ishara, zikaelekea Colombo. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500: wanamaji, wauguzi wanawake, na kundi kubwa kuliko yote, Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki, askari wa Kiafrika pamoja na maofisa wao. Msafara ulilindwa na manowari kongwe Hawkins na distroya mbili, Petard na Paladin.

Tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani I-27, iliyokuwa na makao yake Penang, iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Meli ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walio chini ya sitaha hawakupata hata nafasi ya kushika ngazi.

Yaliyofuata yamebaki kuwa maswali mazito katika habari za vita vya bahari. Mamia ya watu walikuwa wakielea majini, na adui alikuwa amejificha chini yao. Manowari zikisimama kuwaokoa, adui aweza kuzipiga na kuziwinda meli nne zilizobaki zenye maelfu ya askari. Zikitupa mabomu ya kulipukia chini ya maji, zitaua watu wao wenyewe. Petard ilitupa mabomu. Baadhi ya walioelea walikufa kwa mabomu hayo. I-27 ikalazimika kuibuka, Paladin ikaigonga, na mwishowe topido ya Petard ikaizamisha. Akaokoka Mjapani mmoja tu.

Waliokufa kutoka Khedive Ismail walikuwa 1,297, wanawake 77 miongoni mwao. Waliookolewa walikuwa kama 200 na kidogo, na wanawake sita tu. Katika nchi za Afrika ya Mashariki ziko nyumba nyingi ambazo mwana wao alikwenda kwa gari-moshi hata Mombasa, akapanda meli, na habari ikakomea hapo.

Ni haki kuuliza kama utaratibu wa Kilindini ulishindwa siku ile. Mlango wenyewe haukuvunjwa: hapana manowari ya adui iliyopata kupenya ndani ya Kilindini vita vyote. Lakini amri ya pwani ilikuwa na mpaka wake. Mlinzi wa mlango huweza kuhakikisha kwamba mgeni aingiaye ni rafiki, na kwamba msafiri atokaye ametoka salama hata nje ya mwamba. Baada ya hapo ulinzi ulitegemea idadi ya distroya, na mwaka wa 1944 distroya nyingi zilitakiwa mahali pengine, kwa sababu wakubwa waliamini kuwa Bahari ya Hindi imetulia. Kosa la 1941 likarudiwa. Mlango wa mbele, mlango wa uani.

BAADA YA VITA

Vita vilipokwisha, vikosi vya kujitolea vya nchi mbalimbali viliunganishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuwa jeshi moja la bahari la Afrika ya Mashariki, ambalo baadaye liliitwa Royal East African Navy, makao yake Mombasa. Kwa mara ya kwanza pwani kutoka Lamu hata mpaka wa Msumbiji ilikuwa na wanamaji wake chini ya mkuu mmoja wakati wa amani. Lilivunjwa mwaka wa 1962, nchi hizo zilipokuwa zikiingia katika kujitawala, na kila moja ikawa na mipango yake.

Jeshi la Wanamaji la Kenya lilianzishwa tarehe 12 Desemba 1964. Makao yake ni Mtongwe, upande huu wa kusini wa kivuko cha Likoni, mwendo mfupi tu kutoka Waa, na manowari zake hutoka na kuingia kwa mlango ule ule. Mwezi wa Septemba 2012 wanamaji hao waliteremsha askari usiku katika pwani ya Kismayu, mji uliotwaliwa Februari 1941, na safari hii nahodha, mtu wa ishara na mfagia mabomu wote walikuwa watoto wa nchi.